Nataka kuanza kunyolea mashine za zamani za wembe wa upande mmoja, nianzie wapi?

Kidevu_Safi

Wakuu habari zenu. Naombeni mwongozo kwa wenye uzoefu na zile mashine za kunyolea ndevu za zamani, za chuma, zinazotumia wembe wenye makali upande mmoja na mgongo upande wa pili. Sizungumzii hizi za makali mawili ambazo kila mtu anazijua, hizo nishazitumia kidogo, nazungumzia kina Gem, Ever-Ready, Schick Injector na wenzao.

Sababu ni shingo. Nimetumia mashine za katriji zenye nyembe tatu mpaka tano kwa muda mrefu sana, na ndevu zangu ni za kujisokota, nikinyoa leo nakuwa safi kabisa lakini baada ya siku mbili tatu shingo nzima imetoka vipele, na ukisogea kwenye kioo unaona kabisa udevu umejikunja umeingia tena kwenye ngozi. Kuna jamaa akaniambia jaribu wembe mmoja tu, mgumu, unaokata juu juu, nikaanza kutafuta mtandaoni ndo nikakutana na hizi mashine, na kusema kweli zimenivutia zenyewe kama zilivyo, yaani kitu cha miaka ya 1930 bado kinafunguka na kufunga vizuri kabisa.

Sasa nimechanganyikiwa maana modeli ni nyingi, huyu anasema hii ni kali, mwingine anasema hiyo hiyo ni laini. Naomba kujua nianze na ipi, nyembe zake bado zinatengenezwa au ntakuwa nimenunua pambo, na hili suala la kununua kitu alichonyolea mtu mwingine limekaaje kiafya? Na jinsi ya kushika pia, nasikia ni tofauti na za makali mawili. Natanguliza shukrani.

Mgongo_Mnene

Karibu sana mkuu, umeuliza maswali yanayotakiwa.

Kwa anayeanza mi husema hivi: chagua wembe kwanza, mashine baadaye. Zamani kila kampuni ilitengeneza mashine yake na wembe wake ili ukishanunua mashine uendelee kurudi kwake, na kampuni nyingi zilishakufa na nyembe zao, mashine ndo zimebaki. Kwahiyo unaweza kupata mashine nzuri inayong'aa, bei rahisi, halafu hakuna wembe duniani unaoingia. Mfano hao ndugu watatu kina Kampfe wa New York, wao ndo walitoa Star mwaka 1880, moja ya mashine za mwanzo kabisa za aina hii, na wembe wake ulikuwa kipande kinene cha chuma chenye umbo la kabari kinachonolewa tena na tena. Ni kitu kizuri sana cha kuwa nacho ila wembe wa leo haukai humo moja kwa moja. Au Rolls Razor ya Uingereza, ile inakuja kwenye kiboksi cha chuma ambacho upande mmoja kina jiwe la kunolea na upande mwingine kina ngozi, wembe wake ni mmoja tu unaunoa mwenyewe humo humo. Inapendeza mno, lakini kama hujawahi kunoa wembe wa kinyozi usianzie hapo.

Familia ambazo unaweza kununua leo na ukapata wembe mpya ni tatu. Ya kwanza ni Gem, ambayo ndani yake kuna mashine zenye jina Gem, Ever-Ready na Star, zote zilikuja kuwa chini ya American Safety Razor ya Brooklyn, na zile za kuanzia kama modeli ya 1912 zinatumia wembe wa aina moja. Ya pili ni Injector ya Schick. Ya tatu ni Valet AutoStrop, ile yenye mkanda wa ngozi unaopitishwa katikati ya kichwa cha mashine ili kunoa wembe bila kuutoa, aliibuni Henry Gaisman na kampuni yake ikaja kuungana na Gillette mwaka 1930. Hiyo ya Valet wembe unaoingia leo ni Feather FHS-10, mzuri sana ila ni kama ndo huo huo tu, ukikosekana umekwama. Kwahiyo kwa kuanzia chagua kati ya Gem na Injector.

Mimi kura yangu ni Gem, na wembe wake ndo sababu. Wembe wa kawaida wa makali mawili una unene wa kama milimita 0.1, unaukunja kwa vidole, na ukishaufunga kwenye mashine unakuwa umepinda. Wembe wa Gem ni kama milimita 0.23, zaidi ya mara mbili, una mgongo wa chuma nyuma na haupindi kabisa, unakaa umenyooka. Ndevu ngumu zinapokutana na wembe mwembamba unatetemeka kidogo, na huko kutetemeka ndo kunakokwangua ngozi. Wembe mnene unapita tu.

Lakini hapa naomba usome polepole maana watu wanaumia. Kuna nyembe zenye umbo lile lile, mgongo ule ule, saizi ile ile, zinauzwa na vifaa vya ujenzi kwa ajili ya kukwangulia rangi na gundi kwenye vioo. Zinaingia kwenye mashine ya Gem vizuri kabisa na hapo ndo mtego ulipo. Zile ni chuma cha kaboni, hazina mipako yoyote, makali yake hayajaandaliwa kwa ngozi, na ukinyolea hizo utasema mashine mbaya. Unayotaka ni stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, yenye mipako ya tefloni. Personna ndo wanaotengeneza ya kuaminika, na hiyo kwa muda mrefu ilikuwa chapa ya American Safety Razor wenyewe. Wembe huo huo wenye mipako unatumika hata maabara kukatia sampuli, kwahiyo usishangae ukiukuta kwa wauzaji wa vifaa vya maabara. Na ukinunua mashine ikaja na nyembe zake za zamani kwenye karatasi, ziweke kama kumbukumbu, usizipitishe usoni hata kama zinaonekana mpya, nyingi ni za kaboni na kutu inaanzia kwenye makali kabla haijaonekana kwa macho.

Modeli sasa. Chukua ile inayoitwa 1912, iwe imeandikwa Ever-Ready, Gem au Star ni dizaini ile ile. Kifuniko kinanyanyuka kwa bawaba, unateleza wembe ndani, unashusha kifuniko basi. Haina kitu cha kuharibika zaidi ya springi ndogo, zilitengenezwa nyingi sana kwahiyo hazina bei ya kutisha na hata ukipata mbovu unapata nyingine. Ukitaka kitu kizito zaidi kuna Gem Micromatic, hiyo unazungusha kitufe cha chini ya mpini na kifuniko kinafunguka chenyewe. Micromatic zipo za miaka ya 1930 zenye meno kama kichana, wanaziita Open Comb, na zipo zilizofuata za miaka ya 1940 zenye ukingo, zinaitwa Clog-Pruf. Kwa shingo yenye vipele usianze na Open Comb. Ni mashine ya kiume hasa, inakata kwa nguvu, utaipenda baadaye mkono ukishazoea. Clog-Pruf sawa.

Kushika: sahau pembe ya mashine ya makali mawili. Kwenye Gem unalaza kifuniko chote bapa kwenye shavu, yaani uso wa juu wa kichwa cha mashine ulale kwenye ngozi, mpini utajikuta umesimama umetoka nje mbali na uso. Ukivuta hapo itateleza bila kukata kitu. Sasa shusha mpini taratibu sana huku unavuta kidogo kidogo mpaka usikie wembe umeanza kugusa ndevu, simama hapo hapo, hiyo ndo pembe yako. Wengi wanashusha mpini kupita kiasi kwa sababu mkono umezoea katriji, makali yanasimama yanaanza kukwangua badala ya kukata. Na sauti itakuambia. Hizi mashine zina kelele, ukiwa kwenye pembe sawa unasikia mkwaruzo mkavu wa ndevu zinakatika kama mtu anaparua magamba ya samaki, sauti ikififia kabisa ujue umetoka kwenye pembe au hapo ndevu zimeisha. Usigandamize. Uzito wa mashine unatosha.

FundiBawaba

Mgongo_Mnene kamaliza upande wa wembe, mi niongezee kwenye kununua na kusafisha maana ndo kazi ninayoipenda kuliko hata kunyoa kwenyewe.

Ukiwa unaangalia picha za muuzaji usidanganywe na kung'aa. Nikeli iliyochujuka mpaka shaba ya chini ikaonekana haina shida yoyote, itanyoa vile vile. Mwombe muuzaji picha ya kichwa kikiwa wazi. Tazama pembeni mbele, kulia na kushoto, kuna vizuizi viwili vidogo sana vya chuma ambavyo makali ya wembe yanakuja kuegemea kwenye ncha zake. Hivyo ndo roho ya mashine. Kimoja kikiwa kimevunjika au kimepinda wembe utakaa upande, na utakukata kila siku. Halafu nyuma kuna springi za kusukuma mgongo wa wembe uende mbele mpaka kwenye hivyo vizuizi, hizo ni za chuma cha kawaida sio shaba, kwahiyo kutu huanzia hapo. Kisha angalia mpini unapoungana na kichwa kama kuna ufa mwembamba. Kama ni yenye meno hesabu meno yote yapo. Muuzaji akikataa kutuma picha ya ndani, achana nae.

Usafi sasa. Hofu yako ya kiafya ni ya haki kabisa, kifaa cha kunyolea kinaweza kuwa kiligusa damu, kwahiyo usafi hauna mjadala, ila ni chuma na chuma kinasafishika. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, acha iloweke kama nusu saa, utaona maji yamebadilika rangi, hayo ni mabaki ya sabuni ya kunyolea ya miaka yote hiyo iliyogandamana ndani. Chukua mswaki laini wa zamani, sugua taratibu, pita kwenye bawaba, chini ya springi, ndani ya meno. Kwenye kona usipofika na mswaki tumia kijiti cha meno cha mti, usitumie sindano wala kisu utakwaruza nikeli. Kama kuna ukijani ule wa shaba, siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwenye pamba, paka hapo tu, dakika chache, suuza. Usiloweke mashine nzima kwenye siki usiku kucha maana nikeli ya zamani inaweza kuanza kubanduka.

Ukimaliza, kausha, halafu izamishe kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika kumi hivi. Asilimia 70 inaua vijidudu vizuri kuliko ile ya 90 na kitu, kwa sababu maji yaliyomo yanaifanya ipenye na ikae muda kabla ya kukauka. Lakini hiyo ni kwa mashine ambayo ni chuma kitupu! Kama mpini ni wa plastiki au bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani), na Schick nyingi za zamani ziko hivyo, usizamishe, futa kichwa tu kwa pamba yenye spiriti. Na kuchemsha usichemshe. Watu wanaona maji ya moto ndo usafi, kumbe plastiki inapinda, rangi inatoka na nikeli iliyokuwa imeshika vibaya inatoka vipande.

Kama imepakwa dhahabu usitumie dawa ya kung'arishia vyuma. Dhahabu yake ni utando mwembamba mno, ukiisugua mara mbili tatu imeondoka, haitarudi. Sabuni na kitambaa laini inatosha. Mwisho tone moja la mafuta ya madini kwenye bawaba au kwenye uzi wa kile kitufe, fungua funga mara kadhaa, futa. Hapo inakuwa tayari kwa miaka mingine.

Tembo_wa_Injekta

Naheshimu mliotangulia ila kwenye pendekezo la mashine ya kwanza siko na nyie. Mtu mwenye shingo inayosumbua anayetoka kwenye katriji aanze na Schick Injector, hamna cha 1912 wala nini.

Sababu ya kwanza ni kichwa chake. Kichwa cha Injector ni kidogo, chembamba, kinapita chini ya pua na kwenye kona za taya bila shida, wakati Gem ni kipande kikubwa cha chuma na kwenye shingo yenye mabonde lazima ujue kukizungusha. Pili pembe imeshawekwa na kiwanda, we unalaza kichwa kwenye ngozi jinsi ulivyozoea kulaza katriji na mpini unakaa pale pale mkono wako ulipozoea. Huyu ndugu hana haja ya kujifunza pembe na kutibu vipele kwa wakati mmoja.

Tatu, kubadilisha wembe hugusi makali kabisa. Jacob Schick alikuwa mwanajeshi wa Marekani na wazo alilitoa kwenye bunduki ya kufyatua risasi mfululizo, zilianza kuuzwa 1926. Nyembe zinakaa kwenye kikasha chembamba chenye ufunguo mbele, ufunguo unauingiza kwenye kitundu cha pembeni ya kichwa cha mashine, ukisukuma kile kiteleza cha kikasha, wembe mpya unaingia na kuusukuma wa zamani utoke upande wa pili. Ni kitendo kimoja tu. Weka kikopo upande wa kutokea wembe wa zamani, usikinge kwa kiganja. Na sukuma mpaka mwisho, ukiishia katikati wembe unabaki haujakaa sawa na hautauona kwa haraka.

Wembe wenyewe nao ni mnene, kama milimita 0.25, kwahiyo ile faida ya ugumu ipo vile vile. Na nyembe mpya bado zinapatikana. Tafuta zile za baada ya Vita vya Pili vya Dunia zenye mpini wa plastiki, nyingi ni laini kwa ngozi, angalia tu mpini hauna ufa.

Mgongo_Mnene

Tembo hoja ya pembe nakubaliana nayo, kweli Injector inamsamehe anayeanza. Ninachoshikilia ni kwamba ile 1912 unaiona yote, unafungua unaona wembe umekaaje, unasafisha ndani mpaka mwisho, na ukiharibika unajua nini kimeharibika. Injector springi yake iko ndani imejificha, ikilegea hujui mpaka wembe umeanza kucheza. Kwa mtu anayesema amevutiwa na mashine zenyewe nadhani hilo lina uzito. Ila akichukua Injector sitasema amekosea.

Shingo_Tulivu

Nimesoma uzi wote nikaona watu wamezama kwenye mashine, naomba turudi kwenye vipele maana ndo kilio cha mwenye uzi na mimi ndo kilichonileta huku.

Ndevu za kujisokota zinatoka kwenye ngozi zikiwa zimeshaanza kupinda. Ukizikata chini sana, ncha inabaki chini ya usawa wa ngozi na ni kali, ikianza kukua inatoboa pembeni badala ya kutoka pale pale ilipotakiwa, au inatoka kidogo halafu inajikunja na kuchoma ngozi ya jirani. Mwili unaona ni kitu kigeni, panavimba. Katriji ya nyembe nyingi ina tabia ya kuvuta udevu na kuukata tena kabla haujarudi chini, ndo ule ulaini unaousifia siku ya kwanza. Wembe mmoja unakuachia udevu ukiwa usawa wa ngozi au juu yake kidogo, na hicho kidogo ndo dawa.

Kwahiyo kuna mambo ambayo hata uwe na mashine nzuri vipi ukiyafanya vipele vitarudi. Usivute ngozi. Yaani ile tabia ya kunyanyua kidevu na kuvuta shingo kwa vidole iwe kama ngoma, acha, kwa sababu ukiachia ngozi udevu uliokatwa unazama ndani. Usirudie kinyume cha ndevu zinavyolala. Pitisha kwa kufuata mwelekeo wake tu, na kabla hujaanza kabisa kunyoa acha ndevu zikue siku mbili tatu halafu papasa shingo kwa kiganja kila upande, utakuta kwenye shingo hazielekei chini zote, nyingine zinaenda pembeni kuelekea sikio, nyingine chini ya taya zinapanda juu. Mi nilichora kwenye karatasi kabisa. Ukitaka kupita mara ya pili paka povu upya na upite kwa kukatiza, basi, hapo ndo mwisho. Usitafute ulaini wa mtoto, utakuwa na kivuli kidogo cha ndevu na hicho kivuli ndo amani yako.

Ndevu zilowe kwanza, baada ya kuoga ndo wakati mzuri, au kitambaa cha maji ya uvuguvugu usoni dakika mbili tatu. Sabuni ya kunyolea na brashi ni bora kuliko povu la kopo kwa sababu brashi inanyanyua ndevu na povu linashika maji. Povu liwe na maji maji linateleza, sio kavu kama pamba, kwenye hizi mashine nzito povu kavu linaziba kichwa.

Baada ya hapo maji ya baridi, kipande cha shabu kilicholowa pitisha taratibu, subiri kidogo, suuza. Shabu ikichoma sana sehemu fulani ujue hapo umegandamiza au umerudia, ni kipimo kizuri sana cha kujisahihisha kesho yake. Aftashevu yenye spiriti nyingi kwenye ngozi iliyovimba mi sishauri, tumia losheni isiyo na manukato.

Na kubwa kuliko yote: kama sasa hivi shingo imevimba, usinyoe. Acha ikue hata wiki tatu nne mpaka itulie, ndo uanze na mashine mpya. Ukianzia kwenye vipele vilivyopo kila mashine itakata vichwa vyake. Na kama kuna vipele vyenye usaha, au makovu yanayovimba na kuwa magumu, hilo nenda kwa daktari wa ngozi kwanza, kuna dawa za kupaka na mashine hata iwe nzuri vipi haimalizi hilo.

Kidevu_Safi

Wakuu nashukuru sana, sikutegemea kupata majibu ya kina namna hii. Nimefuata ushauri wa Shingo_Tulivu nimeacha ndevu zikue mpaka shingo imetulia kabisa, na wakati nasubiri nikachora ile ramani, kweli chini ya taya ya kushoto zinapanda juu, nilikuwa nazinyoa kinyume miaka yote.

Nimechukua Ever-Ready 1912, ilikuja chafu, nikaifanyia kama alivyosema FundiBawaba, maji yalitoka meupe kama maziwa. Nyembe ni Personna stenlesi zenye mipako. Kunyoa shavu la kulia raha tupu, ile sauti nimeisikia. Lakini upande wa kushoto wa mashine unanikwaruza, na nikigeuza nikanyoa shavu la pili ni ile ile upande mmoja wa mashine ndo unauma. Nimefungua nimetazama vizuizi vyote viwili vipo. Tatizo nini? Na wembe mmoja nautumia mara ngapi?

FundiBawaba

Vizuri umegundua kwamba tatizo linahama na mashine, hilo linaonyesha sio mkono wako wala ngozi.

Funga wembe, halafu shika mashine mbele ya dirisha kwenye mwanga, jicho liwe usawa wa makali, tazama ule mwanya kati ya makali na ukingo wa chini. Unatakiwa uwe sawa kulia na kushoto. Kama upande mmoja makali yametokeza zaidi, fungua, toa wembe, angalia kitako cha nyuma pale mgongo unapoegemea. Mara nyingi kuna kipande cha sabuni iliyogeuka jiwe kimebaki kwenye kona, huwezi kukiona kwa urahisi kwa sababu kimechukua rangi ya chuma. Kisugue kwa kijiti cha meno ukiwa umekilowesha kwanza. Kisha bonyeza springi ya kila upande kwa ncha ya kijiti, zote zirudi kwa nguvu inayofanana, yenye uvivu iwekee tone la mafuta. Rudisha wembe, na kabla hujafunga kifuniko usukume kwa mgongo wake mpaka ncha zote mbili ziguse vizuizi, ndo ufunge.

Kama bado umekaa upande baada ya hapo, jaribu wembe mwingine kutoka kwenye pakiti, maana kuna wakati mgongo wenyewe umebanwa vibaya kiwandani. Ukibadilisha wembe na bado, basi kizuizi kimoja kimepinda. Usikinyooshe kwa koleo, shaba ya umri ule inakatika. Mrudishie muuzaji au utafute nyingine, hii ibaki ya vipuri.

Wembe ukianza kuvuta badala ya kukata, tupa. Kwa ndevu ngumu wengi wanapata mara nne mpaka saba, usihesabu sana, sikiliza. Ukimaliza kunyoa suuza, kung'uta, acha kifuniko wazi pakauke, na usifute makali kwa taulo. Nyembe zilizokwisha zitie kwenye kopo la bati lililotobolewa upenyo mmoja juu, likijaa ligonge upenyo ufunge ndo ulitupe, asije akakatwa mzoa taka.

Kidevu_Safi

Mkuu nimetoka kuitazama kwenye mwanga sasa hivi, upande wa kushoto makali yametokeza kweli. Na kwenye kona ya nyuma kuna kitu, nimekigusa kwa kijiti kinamong'onyoka. Nimeiloweka tena.